Maji Yaliyolala Ndani ya Injini



Barua iliyonifikia wiki hii haihusu talaka wala funga. Imetoka kwa vijana wa nyumba moja ya hapa Voi. Marehemu baba yao amewaachia Peugeot 504 iliyosimama chini ya mwarobaini kwa miaka minane. Mnunuzi wa Wundanyi anaitaka, kwa sharti kwamba aione ikipanda mlima kwa nguvu zake yenyewe. Kaka mkubwa amekwisha kununua betri. Dada zake wanasema isiwashwe kwanza.

Wanangu, dada zenu wana haki. Gari hilo ni mali ya warithi wote mpaka ligawanywe, na atakayeliunguza kwa haraka yake ameunguza na mafungu ya wenzake. Injini ya 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ina bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu. Maji ya kupozea yakilala humo miaka mingi, dawa yake ya kuzuia kutu huisha nguvu, chuma huliwa, na tope jekundu hutuama. Ukiwasha, pampu hulizoa tope hilo na kulisukuma katika vijia vyembamba vya rejeta. Maji hukosa njia, joto hupanda, kichwa hupinda na gasketi huachia. Thamani ya gari hubaki ya vyuma chakavu.

Basi anzeni kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia. Acheni hapo, mwiteni fundi. Ikiwa safi, fungueni kifuniko cha rejeta, kisha mfereji wa chini na ule wa ubavuni mwa bloku, mkiwa mmetega beseni. Toeni thamostati. Ingizeni maji kwa mpira kutokea chini ya rejeta yatokee juu, kinyume cha mwendo wake wa kawaida, ili uchafu urudi ulikotoka. Msiyafungulie kwa nguvu, rejeta kuukuu huvuja kwa maungio. Injini nayo ioshwe peke yake, na njia ya hita iwe wazi. Yatatoka mekundu kama udongo wetu wa Tsavo. Rudieni mpaka yawe meupe.

Nimesikia watu wakisifu magadi, na wengine maji ya betri. Magadi huila aluminiamu, na asidi ya betri huila kila kitu pamoja na mikono ya muoshaji. Tumieni dawa ya rejeta ya dukani iliyoandikwa kwamba haidhuru aluminiamu, kisha suuzeni sana.

Wakati wa kujaza, maji ya kisima cha tambarare yenye chumvi hayafai. Tafuteni maji yaliyotoneshwa, au ya mvua yaliyokingwa kwa usafi, mchanganye nusu kwa nusu na kulanti. Wapo wanaodhani kulanti ni ya nchi za theluji. La, huzuia kutu, na huchelewesha kuchemka, jambo lenye faida mlimani ambako maji matupu huchemka kabla ya nyuzi 100. Wekeni mipira mipya, kifuniko kipya na thamostati mpya. Mafundi wetu hupenda kuitupa thamostati wakidhani wanaisaidia injini. Injini isiyofikia joto lake huchakaa mapema na kunywa petroli.

Sasa lile beseni. Kulanti kuukuu ina ladha tamu, na ni sumu inayoua figo. Paka akiramba kidogo hufa, na mtoto mdogo hahitaji nyingi. Msiimwage uani wala mtaroni wanakonywa mbuzi wa jirani, na msiitie kamwe katika chupa ya soda. Maji ya mwosho wa kwanza yana sumu hiyo hiyo. Yafungeni katika jerikeni lililoandikwa SUMU, liwekwe juu, kisha lipelekwe kwa mkusanyaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA. Mtoto akionja, akimbizwe Hospitali ya Rufaa ya Moi saa hiyo hiyo, msisubiri dalili.

Kabla ya siku ya mnunuzi, acheni injini ingurume uani mpaka hewa itoke na kiwango cha maji kitulie, kisha zungukeni mjini. Mkipita Mwatate mlima unaanza. Mmoja aitazame sindano ya joto asizungumze na mtu. Ikipanda kupita kiasi, egesheni, zimeni, na kifuniko kisiguswe mpaka kipoe, maana mvuke wake hubabua uso.

Gari likiuzwa, aliyetoa fedha za mipira na kulanti kwa makubaliano yenu arudishiwe kwanza. Kitakachobaki, njooni nacho baada ya Alasiri tukigawe.