TAA YA NYUMA SI PAMBO



Wako watu wanaosema kwamba taa nyekundu ya behewa la mwisho ni desturi ya wazee tu. Sisi twasema sivyo.

Taa ile humwonya dereva anayekuja nyuma. Lakini kazi yake kubwa ni kutoa habari kwamba treni imefika nzima. Katika utaratibu wa zamani, stesheni masta akiona treni ya mizigo imepita bila alama, alijua huenda mabehewa yamekatika njiani, wala hakuruhusu treni nyingine kuingia sehemu ile.

Sisi wa Voi twalifahamu jambo hili. Kutoka pwani njia hupanda, ikapita Mackinnon Road na Maungu, hata kufika kwetu, zaidi ya mita 500 juu ya bahari. Behewa likikatika mlimani na breki isishike, larudi lilikotoka. Tena reli ya Taveta, iliyojengwa wakati wa vita vya 1914–1918, iliifanya Voi kuwa njia panda. Kila behewa la mwisho lilipobadilishwa, alama nayo ilipaswa kuhamishwa. Kazi hiyo ilitaka mtu, si bahati.

Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, Tanzania, treni ya abiria ilirudi nyuma bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Basi taa peke yake haitoshi. Mkia wa treni lazima ueleze na hali ya breki.

Siku hizi kiko kisanduku kinachofungwa nyuma. Chamulika taa, chapima upepo wa breki, na kumpelekea dereva habari kwa redio. Huko Marekani ndicho kilichochukua mahali pa behewa la gadi. Hatukipingi. Tunalopinga ni kumwondoa gadi, kisha kuacha kisanduku kibovu kiendelee na safari.

Kwa hiyo twadai: treni isiondoke bila alama ya nyuma, usiku wala mchana. Kisanduku kikizimika njiani, liwepo agizo lililoandikwa la kufanya, si la mdomo. Na mfanya kazi anayezuia treni isiyo na alama asiandikiwe barua ya kuchelewesha mizigo. Mizigo ikichelewa itafika. Mtu akifa harudi.