Kabla ya kuchagua prosesa, mpime mtoto macho

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwaka huu nimeyaona hayo nyumbani kwangu, hapa Kinyangiri wilayani Mkalama, nilipoamua kumtafutia kompyuta mwanangu wa kidato cha pili.

Kompyuta mpya iliyokamilika ilinishinda bei. Fundi akanishauri tununue kifaa kimoja kimoja tuunganishe. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Prosesa hii au ile? RAM ya GB 8 itatosha au niweke 16? Pawa saplai itahimili umeme wetu unaopanda na kushuka? Na kadi ya picha je? Kwa wiki mbili nilikesha hadi saa saba usiku nikilinganisha bei za Kariakoo na za Singida mjini, kisha asubuhi naingia kazini kichwa kizito. Niliogopa kukosea, maana fedha ya alizeti huja mara moja kwa mwaka.

Siku fundi alipotuazima kioo tukijaribu, mwanangu alikaa akakisogelea hadi pua ikabaki shubiri moja. Nikamkaripia arudi nyuma. Akajibu taratibu, "Mama, nikirudi nyuma sioni."

Kesho yake nilimsimamisha mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi tunaopimia wagonjwa. Jicho la kushoto lilikwama mstari wa tatu. Kumbe darasani alikuwa akinakili kutoka daftari la mwenzake. Mimi ninayewapima watoto wa watu sikujua kuwa wangu haoni ubaoni.

Ndiyo maana nasema wazazi wengi tunahangaikia vifaa visivyostahili hofu yetu. Kompyuta ya kuunganisha ina uzuri huu: ukikosea RAM leo, mwakani utaongeza. Prosesa ikizeeka, utabadilisha. Macho na shingo havina duka la vipuri.

Kwa hiyo orodha yako ianze hivi. Kwanza, mtoto apimwe macho, hasa akikunja uso kutazama mbali au akilalamika kichwa kila jioni. Miwani sahihi haiharibu macho, kama wengi wanavyoogopa. Ile inayouzwa kwa madai ya kuzuia mwanga wa buluu usiikimbilie: uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2023 haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho.

Pili, nunua kioo chenye maandishi yanayosomeka ukiwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo. Kiti kimwezeshe mtoto kukanyaga sakafu. Miguu ikining'inia, weka kibao chini.

Tatu, umeme. Soketi iwe na waya wa kwenda ardhini. Pawa saplai isifunguliwe na mtoto wala na wewe, kwani huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Nne, ratiba. Tukitazama kioo tunapepesa macho mara chache, ndipo yanakauka na kuwasha. Kila dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Kila siku acheze nje kwenye mwanga wa mchana, ikiwezekana saa mbili. Hilo husaidia kuchelewesha tatizo la kutoona mbali. Kompyuta izimwe saa moja kabla ya kulala, nayo isikae chumba anacholala.

Na wewe mzazi, lala. Prosesa iliyochaguliwa saa saba usiku haina ubora kuliko iliyochaguliwa mchana.

Sisi kadi ya picha tuliiacha. Fedha yake ilinunua miwani na kiti. Kompyuta ni ya kawaida tu, lakini kazi za shule inafanya, na mwanangu sasa anasoma ubaoni bila kuomba daftari la mtu. Kabla hujapanda basi kwenda dukani, pitia kituo cha afya na mtoto wako.