Umeokota Nyuzi kwa Bei ya Bure? Usitangaze Bado



Leo nina maneno makali kidogo, mnivumilie. Msimu wa harusi ukiingia, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hazikosi picha za aina hii: mfuko wa nyuzi za kufumia umemwagwa juu ya mkeka, na sindano za kroshia, na vifungo, na utepe wa kupimia. Chini yake maneno: "Mashoga, nimeokota barazani kwa mtu, elfu 10 tu mzigo wote! Mwenyewe hata hajui anachouza." Halafu zinafuata mashaallah kibao.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoniuma. "Hajui anachouza." Tunajisifu nayo, kumbe tunajishtaki wenyewe.

Hebu tujiulize, nani anayetandika vitu vyake barazani auze? Wako wanaohama nyumba na wanapunguza mizigo, hao bei wanaijua wenyewe. Lakini wengine ni mjane katoka eda juzi, watoto wanataka sare na madaftari. Ni dada kaachwa, karudi kwa wazee wake na sanduku moja. Ni watoto wa marehemu fundi, hawaijui sindano ya kufumia na ya kutarizi, wanataka chumba kiwe kitupu tu.

Na wewe mnunuzi unajua. Ukichoma ncha ya uzi, wa pamba utanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Wa sufu utanuka nywele. Wa akriliki utayeyuka na kuganda kama kishanga. Ukiona donge la gramu 50 karatasi yake bado imelizunguka, unajua halijaguswa. Bei ya Darajani unaijua vile vile. Kichwani umeshapiga hesabu ya vitambaa vya makochi na pindo za foronya utakazotoa. Lakini mdomoni unasema nini? "Bi mkubwa, hizi kuukuu, zishaingia ukungu, nakusaidia tu kuziondoa."

Huko si kupatana bei. Huko ni kusema uongo ili mtu aidharau mali yake mwenyewe.

Mimi ni mfanyabiashara wa nguo, si mwanachuoni, na hukumu nawaachia masheikh wetu. Lakini hili tumelisoma sote madrasa: Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kutoka kwenda kuipokea misafara ya biashara njiani na kununua bidhaa kabla haijafika sokoni. Hadithi imo kwa Bukhari na Muslim, na katika mapokezi ya Muslim, mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuivunja biashara ile. Kwa nini? Kwa sababu aliuza hali ya kuwa bei ya soko haijui. Sasa niambieni, mjane aliyekaa barazani kwake, hajawahi kununua uzi maishani mwake, ana tofauti gani na yule wa njiani?

Na wako waliofanya zaidi ya kujizuia. Jarir bin Abdillahi, sahaba aliyempa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomuona, akamwambia mwenye farasi kuwa mnyama wake ana thamani zaidi, akawa anampandishia mwenyewe mpaka ikafika 800. Tabarani kaisimulia. Mnunuzi ndiye aliyepandisha bei! Kwetu sisi mtu huyo angeitwa mjinga.

Najua mtakavyonijibu. "Lakini karidhia mwenyewe." Ridhaa ya asiyejua, tena mwenye shida, usiiegemee sana. "Kupatana bei ni halali." Naam, halali, na mimi napatana kila siku na wauza vitambaa wanaojua mali yao kuliko mimi. Mwenye duka ana pa kukataa, ataweka bidhaa yake mpaka kesho. Mjane leo hana mchele. "Mimi bibi harusi, bajeti yangu ndogo." Basi nunua madonge matatu badala ya mfuko mzima. Mtume kamuombea rehema aliye mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Wepesi wa mnunuzi nao umo humo.

Na sisi wenye biashara tusijifiche nyuma ya mabibi harusi. Wako wanaozunguka mitaani kuwinda mifuko hiyo hiyo, kisha vitambaa wanaviuza bei ya juu na kumwambia mteja kuwa uzi ni ghali. Ghali kwa nani?

Kwa hiyo, dada yangu, ukikutana na nyuzi barazani, fanya haya. Mwambie mwenyewe dukani zinauzwaje, kisha muelewane kutokea hapo, maana kitu cha mkononi kupungua bei ni jambo la kawaida. Kama kweli zina ukungu au zimeoza, muoneshe hapo penye kasoro, usizikashifu zote. Na kama ni vya marehemu, uliza warithi wamekubaliana? Humo ndani huenda mna haki ya yatima, na hiyo hailiwi hata ikiwa donge moja.

Shuka utakayoilalia usiku wa harusi yako, usiitie pindo kwa uzi wa mtu aliyelia ulipoondoka mlangoni kwake. Baraka ya nyumba mpya tunaiomba kwa Allah, basi tusiifunge mlango kwa mikono yetu kwa ajili ya elfu tano.

Allah atupe riziki ya halali na macho ya kuwaona wenzetu. Amin.