Wana Mbeya, Leteni Spea Zenu Mbovu

Jumapili iliyopita asubuhi jirani yangu, mwalimu wa sekondari, alikuwa akiteremka Iwambi kwenda Mbalizi na mkewe na watoto wawili. Mimi nilikuwa nyuma yake. Sote tulikuwa tunakwenda msibani. Katikati ya mteremko, lori la kwenda Tunduma likijivuta mbele yetu, nikaona taa za breki za gari la jirani yangu zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima. Baadaye aliniambia pedali ilizama hadi kwenye kapeti. Akapampu, akashusha gia hadi L, akavuta hendibreki, akalitoa gari barabarani na kuligonga ubavu kwenye ukingo wa udongo. Likasimama. Mkewe alishuka akaketi kwenye majani, viatu mkononi, hakusema neno.

Tulifungua tairi la mbele kulia palepale. Pedi ya ndani ilikuwa bamba tupu. Nyama yote ilikuwa imebanduka na kudondoka huko nyuma, na pistoni ya kalipa imetoka nje kulifuata pengo lililobaki. Niligeuza lile bamba mkononi, bado la moto. Laini kama mgongo wa kijiko, limepakwa rangi nyeusi, lina utando wa gundi ya rangi ya chai. Pedi nyingi za maana huwa na matundu au meno kwenye bamba ili nyama ipate pa kushika. Hii haikuwa na hata kimoja. Watu wanne walikuwa wanashuka Iwambi kwa imani ya gundi.

Na pedi hizo za Toyota IST yake tulizifunga sisi wenyewe, uani kwake, siku kumi na moja kabla. Mimi ndiye niliyeshika tochi.

Kwa nini takataka hizi zipo sokoni, hakuna asiyejua: mfuko mwepesi, mpaka mrefu, na boksi linalochapishwa kwa bei ya soda. Sitapoteza karatasi hapo. Ninachotaka kusema kinatuhusu sisi tunaojitengenezea magari nyumbani, kwa jeki, spana za mkopo na video za kwenye simu. Aliyepeleka gari gereji ana fundi wa kumfokea. Sisi kitu kikifa tunajilaumu: labda sikukaza vizuri, labda nilipaka grisi vibaya. Kisha tunanunua kingine, na kile kilichotusaliti tunakirusha kwenye ndoo ya chuma chakavu. Wiki ijayo kijana wa mizani anapita, anakipima kwa kilo, anaondoka nacho.

Ule ndio ushahidi, ndugu zangu! Tunauuza kwa kilo.

Jumatatu tulirudi kwenye duka zilikonunuliwa pedi zile, mimi na mwalimu. Muuzaji alilitazama bamba kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu wa mbali. “Mzee wangu, mlifunga wenyewe? Basi hapo siwezi kusema kitu.” Akaonyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwalimu alitoa risiti, kipande cha daftari kilichoandikwa “pedi IST 18,000”, bila jina la duka wala tarehe. Tulikuwa wawili, na nyuma yetu foleni inatusukuma mgongoni. Tukaondoka. Naandika haya kwa sababu ya aibu ya kuondoka vile.

Kibao kile si sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji kazi ya kitu, na ukategemea ujuzi wake, kitu hicho lazima kifae kwa kazi hiyo. Mwalimu alisema “pedi za mbele za IST”. Pedi ina kazi gani nyingine? Boksi likibeba jina la kampuni ambayo haijawahi kuigusa spea ile, hiyo ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, ina meno dhidi yake kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Boksi likiwa halidanganyi jina lakini kilichomo ni uchafu, hilo ni la Shirika la Viwango, TBS. Lakini taasisi hizo zitafanya nini na malalamiko yasiyo na spea, risiti wala tarehe?

Niseme pia, kwa haki, kwamba kisicho jenyuini si lazima kiwe kibaya. Nina bushi za Taiwan kwenye gari langu mwaka wa tatu huu na sijasikia kelele. Ninachokipinga ni uongo, na wala hauko kaunta peke yake. Uko kwa fundi anayekupeleka duka fulani kwa sababu kuna cha juu chake. Uko kwetu pia: tunaingia dukani, swali la kwanza, “ya bei rahisi ipo?” Nimeliuliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwa hiyo nawasihi. Tafuta kopo, hata la rangi lililokwisha. Spea ikifa kabla ya siku zake, iwe pedi, boljointi, plagi au filta, iweke humo na boksi lake. Kwa maka andika tarehe ya kufunga, tarehe ya kufa, kilomita za kwenye dashibodi na duka. Usiioshe, ule mkaa na ile gundi vinaeleza mengi. Dai risiti ya mashine ya kodi, EFD, kila mara, hata ukiambiwa mashine mbovu. Yenye TIN ya muuzaji haiwezi kukanwa kama kipande cha daftari. Kabla ya kufunga, weka pedi mpya kando ya ile ya zamani chini ya mwanga, uzitazame ubavuni palipokutana nyama na bamba. Kucha ikipita, rudisha. Kwa Toyota, namba ya pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466; lakini anayechapisha boksi la uongo hashindwi kuchapisha namba, basi usilale juu yake. Filta ya oili ukiitoa, ipasue kwa msumeno wa chuma mara moja tu uone unachokinunua. Nilipasua yangu mwezi jana na karatasi ya ndani ilikuwa haijafika hata nusu ya kopo.

Na tusirudi dukani wawili wawili. Mmoja anafukuzwa kwa maneno, wawili wanaonyeshwa kibao. Kumi wenye makopo na risiti mbele ya kaunta, siku ya soko, wateja wengine wakisikiliza, hao atawasikiliza. Bila matusi, bila kuvunja kioo cha mtu. Wafanyabiashara waaminifu mpo, nawajua baadhi yenu, na hawa wanawaharibia jina. Kwa nini mnanyamaza? Wenyeviti wa mitaa, viongozi wa madereva, walimu wa VETA, nanyi tafuteni namna ya kusaidia, mnazijua njia kuliko mimi.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, mimi na mwalimu tutakuwa Kabwe, upande wa daladala za Uyole. Bamba lake liko kwenye kopo la maziwa, limeandikwa “Iwambi, siku 11”. Tutaanzia duka lile lile, kisha barua ya pamoja FCC na nakala TBS, kila kopo na mstari wake. Njoo na chako, hata kama kimelowa oili. Ukishindwa kuja, mpe jirani akuletee.