Swali la Kuulizwa Kabla ya Dawa
Binti wa Kariakoo akiambiwa ana saratani ya matiti, jamaa huuliza kwanza, "Je, atapona?" Ndivyo ipasavyo. Lakini kwa asiyepata kuzaa liko swali la pili, nalo lina wakati wake. Dawa kali, kama saiklofosfamidi, huua saratani, tena huweza kuharibu mayai ya uzazi. Kabla ya kuanza, mayai yaweza kutolewa na kugandishwa: kazi ya majuma mawili hivi, na fedha nyingi, kupita mfuko wa mchuuzi wa sokoni. Iko pia sindano ya kila mwezi ya kuzilaza ovari wakati wa matibabu, ingawa si kinga kamili. Basi, wazazi, tabibu wa Ocean Road na aulizwe siku ile ya kwanza, dawa ingali chupani. Mama mkwe atangoja.