Kadi si Posho

Mama mmoja wa Mombasa ametuletea swali ambalo twadhani si lake peke yake. Mwanawe ana miaka 11. Hawezi kuketi wala kujilisha. Mwaka jana alimpatia kadi ya ulemavu, na tangu hapo angoja fedha za Serikali, wala hajaona hata senti. Je, amedhulumiwa?

Huenda ni kwamba hakuelezwa. Kadi ile hutolewa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya mtu kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Mwenye kadi aweza kuomba msaada wa karo au kiti cha magurudumu; naye mwenye mshahara aweza kuomba asamehewe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Posho ina mlango wake mwingine. Yatoka katika mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba moja, nayo imewekewa maskini ambao ulemavu wa mtu wao ni mzito hata hana budi kuwa na wa kumwangalia usiku na mchana. Majina huandikwa mtaani, kwa chifu na Afisa wa Maendeleo ya Jamii, uandikishaji unapofunguliwa. Na kuandikwa si kukubaliwa, kwani wenye haja ni wengi kuliko nafasi.

Lakini wako wasiofika hata kuandikwa, na hilo kosa ni letu. Waandikishaji wabisha hodi, nasi twafunga mlango wa chumba cha ndani, twasema watoto wote wamekwenda chuoni. Haya hiyo twaionea nini? Abdallah bin Ummi Maktum, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa kipofu, Mtume wetu (S.A.W.) alimfanya mwadhini, na alipokuwa safarini alimwachia Madina aiangalie.

Wengine wasema kupokea fedha hizi ni kuombaomba. Wanahistoria wamepokea kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala tangu mwaka 705 hata 715, aliwawekea wenye ulemavu posho ili wasiwaombe watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu wa kumwongoza. Hao hawakuitwa waombaji.

Walezi nao wasisahau kwamba mkono upokeao si wenye mali. Fedha ni za yule aliyelala kitandani: nepi zake, uji wake, nauli yake ya kwenda hospitali. Kilemba cha Idi kina fungu lake kwingine.

Basi mama yetu na achukue kadi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho chake mwenyewe, aende kwa chifu aulize kama jina la mwanawe limo katika orodha. Ikiwa halimo, aulize uandikishaji utafunguliwa lini. Na kama kumbeba mtoto ni taabu, aombe waje wamwone nyumbani.