Virusi wa Pili Asiyeandikwa Kwenye Kadi

Tabora haijawahi kuwa mji wa watu waliotulia mahali pamoja. Misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika hapa kabla ya kuelekea Ujiji, na reli ilipofika mwaka 1912 iliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi kwa vizazi. Leo wasafiri ni vibarua wa tumbaku, warina asali na wachuuzi wa dagaa wa Kigoma. Miongoni mwao wamo wanaoishi na VVU, na baadhi yao, pasipo kujua, wana pia virusi vya homa ya ini aina B.

Kidonge wanachomeza kila siku kina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za mwanzo huzuia virusi vya aina zote mbili. Bahati hiyo ndiyo inayoificha hatari. Mgonjwa akikatiza dozi akiwa porini, virusi vya ini vilivyokuwa vimedhibitiwa huweza kuamka kwa nguvu. Macho yakageuka manjano, na wakati mwingine ini likashindwa kazi kabisa. Nyumbani italaumiwa malaria.

Kosa jingine huweza kutendwa na tabibu mwenyewe. Figo zikidhoofu, tenofoviri huondolewa na abakaviri kuwekwa mahali pake, nayo haina nguvu yoyote juu ya homa ya ini. Lamivudini hubaki peke yake, na baada ya muda virusi huizoea. Hapo ilipasa kuongeza entekaviri, au kutumia aina ya tenofoviri isiyoelemea figo. Lakini nani atayawaza hayo, ikiwa hajui kwamba ini nalo limeambukizwa?

Damu inayochangwa nchini hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Ni ajabu, basi, kwamba mtu aweze kumeza dawa za VVU miaka mingi bila ini lake kuulizwa swali. Kipimo ni cha matone machache ya damu. Kifanywe siku ya kwanza, na jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki kwa mwandiko unaosomeka, maana jalada hubaki Kitete wakati mwenyewe yuko Uvinza. Asiyekutwa na maambukizi wala kinga apewe chanjo: watoto wa Tanzania walianza kuipata mwaka 2002, lakini wengi wa wanaohudhuria kliniki hizi walizaliwa kabla ya hapo.